Chumvi ya Baraka

Ndugu yangu Rugema akihubiri habari za Yesu kulisha watu elfu tano, husema palikuwa na mikate mitano na vitoweo viwili. Vitoweo! Kitabu kimeandika samaki, kila mwenye macho anaona, lakini samaki hapiti kinywani mwa Rugema hata akiwa neno tu. Akifika kwa Petro anasema alikuwa mtu wa kazi za ziwani. Siku moja mtoto wa shule alimuuliza ni kazi gani hizo, akaambiwa afumbe macho, tunaomba.

Sisi ni watu wa ng'ombe, wa juu mlimani. Tangu zamani kwetu mtu aliyekula samaki hagusi kibuyu cha maziwa, kwa sababu ng'ombe watakauka. Hayo ni ya wazee wetu, ya kabla ya Injili, na mzungu wa misheni mwenyewe alituambia tuyaache pamoja na hirizi. Rugema aliacha hirizi, akaacha pombe, akaacha tumbako. Yote ambayo hayakumtia ugumu aliyaacha kwa siku moja na kushuhudia mbele ya kanisa. Dharau yake kwa watu wa samaki ndiyo aliyoibakiza, tena akaivika koti la Kikristo na kuiita usafi.

Mimi ni dada yake mkubwa, Kabagwira, mjane, na sina simile. Nimemfuta kamasi huyo mzee wa kanisa. Kwa hiyo akinyanyua kidole chake juu ya madhabahu, wengine wanaona kidole, mimi naona kamasi.

Habari ninayoieleza ni ya mwaka wa hamsini na sita, na ilimhusu binti yake, Mukankuranga. Huyo msichana alimpata mchumba huku chini, Gasore, mtoto wa watu wa kwetu kabisa. Baba yake, Gisaro, aliteremka kutoka mlimani zamani, akajifunza useremala, akajenga Baraka, mji wa kando ya ziwa, na kutengeneza madawati ya shule. Gasore naye alishika randa na msumeno. Kijana mpole, mchapakazi, anasali. Kosa lake moja: kwao wanakula samaki, tena hawajifichi.

Rugema alikuwa na mkwe mwingine aliyemtaka. Mzee mmoja wa mlimani, aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Alimsifu mtu huyo mpaka nikachoka masikio. Mukankuranga aliposikia jina lake alikwenda nyuma ya zizi akalia, nami nikamfuata, nikamkuta ameuma kanga asisikike. Akaniambia, "Shangazi, bakinipeleka kwa ule muzee, mi nitakufa nikiwa natembea." Shangazi ana mdomo, lakini mwenye kusema ndiyo au hapana ni baba.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na mkutano mkubwa wa makanisa Baraka. Tuliteremka mlima kwa miguu hadi Fizi, Rugema mbele na fimbo yake, na nyuma yake kijibuyu cha maziwa nilichokibeba mimi, maana bwana mkubwa hawezi kunywa maziwa ya huku chini. Nani ajuaye yamelala karibu na nini. Pale Fizi, ambako ofisi ya mzungu imekaa juu ya kilima, tulipata lori la pamba, tukapanda juu ya magunia. Gisaro alikuwa ametuma neno: mkutano ukiisha, tafadhali mpitie kwangu mle, kisha mtupe jibu.

"Nitaenda kukula kwake, juu adabu ni adabu," Rugema akaniambia pale juu ya magunia, bila kujali kwamba binti yake anasikia. "Kisha nitabaambia hapana. Mutoto yangu hawezi kulala mu nyumba yenye inanuka samaki."

"Na ule muzee yako ya ng'ombe mingi," nikasema, "yeye ananuka nini?"

Akaanza kuimba tenzi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nyumba ya Gisaro ilikuwa safi kuliko ya Rugema, na nilimwambia hivyo, akajifanya hasikii. Kuta zilipakwa chokaa, viti alivichonga mwenyewe Gasore, dirisha lilifunguka upande wa ziwa. Gisaro pia alikuwa mjane, kwa hiyo mapishi aliyakabidhi kwa jirani, mama mmoja wa Kiislamu wa hapo pwani ya ziwa. Alituhakikishia mlangoni kabisa, kabla hata hatujaketi: "Muzee, leo hakuna samaki. Nimekataza. Hata jana hatukupika. Musiogope." Mtu mzima, mwenye mvi, anajitetea kwa ajili ya chungu chake mwenyewe. Rugema akatikisa kichwa kama hakimu, akakaa kwenye kiti kizuri.

Mimi nikapita jikoni kusaidia, kama ilivyo desturi. Na pale jikoni, ameinama juu ya kinu, nikamkuta Zubeda.

Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka thelathini. Amezeeka, amepungua meno, lakini mgongo ule niliujua kabla hajageuka. Mumewe, marehemu Kassimu, alikuwa rafiki wa kuchanjiana damu wa baba yetu. Baba alimletea siagi na ngozi, Kassimu akampa chumvi na vitambaa. Tulipokuwa watoto tulilala kwenye mikeka ya nyumba yao kila kiangazi. Zubeda alinitazama, akaniwekea mikono mashavuni, akasema, "Kabagwira? Ni weye? Mungu ni mukubwa!" Tukacheka, tukafutana machozi, na moshi ukatusaidia.

Halafu nikaona kinachotwangwa kwenye kinu. Ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja na pilipili. Walikuwa wameshakuwa unga. Na nusu ya unga huo ilikuwa imeshaingia kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inachemka taratibu na mawese.

"Mama Zubeda," nikanong'ona, "hawakukukataza samaki?"

"Balinikataza, nimesikia. Mi si kiziwi." Akakung'uta mchi. "Samaki ni ile yenye kichwa na mukia. Hii ni bunga tu. Sombe bila bunga ya ndagala, ile ni majani ya mbuzi. We unataka nipikie bageni majani ya mbuzi?"

Alikuwa anasema kweli yake. Kwao huwezi kumwambia mpishi kwamba unga ule ni samaki, ni kama kumwambia chumvi ni bahari. Ningeweza kutoka nikasema, chungu kikamwagwa, wakala maharage, yakaisha. Mlangoni nikamwona Rugema kupitia upenyo wa pazia, ameketi, vidole vimefumbatana tumboni, anamfundisha Gisaro namna ya kufuga. Na kando yake Mukankuranga, macho chini, anasubiri kuhukumiwa. Nikachukua bakuli, nikapakua sombe mwenyewe, nikaipeleka mezani. Niliiweka karibu kabisa na mkono wake wa kulia.

Palikuwa na nyama ya ng'ombe, wali wa bonde la huku, maharage na bugali. Rugema alianza na nyama. Kisha akachovya tonge kwenye sombe, akala, akaacha kutafuna kidogo. Akachovya tena. Akavuta bakuli. Watu wengine walimsubiri aongee, lakini alikuwa na kazi. Akala mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, akaomba iongezwe, ikaongezwa, na nyama aliisahau sahanini ikapoa na kuganda mafuta. Mimi nilisimama ukutani nikimtazama mtu wa usafi akilamba kidole gumba.

"Yaya," akasema mwishowe. Ndivyo anavyoniita tangu utoto, kwa vile mimi ni mkubwa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yaya, ile chumvi. Unakumbuka ile chumvi ya mama?"

Nikasema nakumbuka.

Akageuka kwa Gisaro, na macho yake, wallahi, yalikuwa na maji. Akasimulia. Kila kiangazi, akasema, mama yetu alikuwa anawashusha watoto wake Baraka kwenye sikukuu. "Mi nilikuwa kadogo, alikuwa ananibeba mu mugongo. Kule juu iko baridi, majani na nyasi tu, kisha ghafla unaona maji, maji, haiishe! Tunalala mu nyumba ya rafiki ya baba. Batoto banakimbia mu muchanga. Na mangaribi mama anatupatia bugali na sombe, anasema: kula, mwanangu, nimetia chumvi ya Baraka. Kule mulimani hakukuwa chumvi kama ile. Nimekula mu nyumba ya bazungu, nimekula kila fasi, sijaipata tena. Leo njo naipata. Leo nimemuona mama."

Akalia kweli. Mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe, akalia juu ya bakuli tupu. Nakiri kwamba hata mimi moyo ulinishika kidogo, maana alisimulia vizuri, na mama alikuwa mama yangu pia. Gisaro akafuta macho. Gasore akamtazama Mukankuranga, na msichana kwa mara ya kwanza siku ile akainua uso. Nyumba nzima ilidhani mambo yamekwisha kuwa mazuri.

Gisaro akapata ujasiri. Akasafisha koo, akasema kwa heshima zote kwamba kwa kuwa mgeni amekula na kufurahi, labda sasa aseme neno moja kuhusu watoto hawa.

Rugema akapangusa mdomo. Akapangusa na machozi, kwa kitambaa kilekile. Na uso wake wa kanisani ukarudi kama mtu aliyevaa kofia.

"Ndugu Gisaro, chakula ilikuwa muzuri, merci. Lakini mi ni muntu ya kusema kweli. Mulomo yenye kukula samaki haiwezi kunywa maziwa ya kwangu. Mutoto ataolewa kule juu, kwa batu safi."

Kipande cha jani la muhogo kilikuwa bado kimeshika ndevuni mwake.

Mukankuranga hakulia. Alishusha uso, akaanza kukunja pindo la kanga, anakunja, anakunjua. Nyani haoni kundule, hilo nalijua, na kwa miaka mingi nilimwachia nyani wangu aruke anakotaka. Mama aliniapisha ninyamaze, nami nilinyamaza hata siku ya kumzika, Rugema aliposimama kaburini na kutangaza kwamba mwanamke huyu hakuruhusu kitu kichafu kigonge meno ya watoto wake. Niliuma ulimi siku ile. Lakini mama aliniapisha ili mtoto mmoja apone. Hakuniapisha ili mjukuu wake auzwe kwa kizee kisicho na meno. Nikaenda kwenye pazia nikaita.

"Mama Zubeda! Kuya umusalimie ule mutoto ya mugongoni."

Zubeda akatoka akifuta mikono. Akamtazama Rugema kutoka viatu mpaka mvi, halafu akapiga makofi.

"Rugema ya tumbo! Ni weye! Mungu wangu, umenona!" Akatugeukia sote, furaha imemjaa, hajui kilichosemwa pale mezani. "Huyu mwenye munaona, mama yake alimuleta kwangu akiwa kama kufa. Tumbo kubwa hivi, miguu imevimba, nywele ya rangi ya mahindi. Ng'ombe yao yote ilikufa na ugonjwa, maziwa hakuna, na balimuzoeza maziwa tu. Mi nikamwambia mama yake: mutoto hana ugonjwa, ni njaa. Tumupatie ndagala. Akaogopa, akalia siku nzima. Kisha akasema: tutwange, tutie mu sombe, asijue. Kila kiangazi anamuleta. Na tazama! Leo tena umekula bunga yangu, umemaliza bakuli!"

Gisaro alishika kichwa kwa mikono miwili, maana alikuwa amekataza, ameapa mlangoni. Zubeda akaanza kuona kwamba nyuso hazichangamki, akakunja mikono kwenye kanga.

Rugema akasimama. "Huyu mama ni muongo. Mama yangu hakunilishaka samaki. Tulikuwa tunakuya kwa sikukuu." Akanigeukia. "Yaya, baambie. Baambie ilikuwa sikukuu."

"Sikukuu gani?" nikasema. "Baba alikuwa ameenda kutafuta ng'ombe kwa watu, nyumbani hatukuwa na hata siagi ya kupaka nywele. Mama alikubeba kutoka mulimani mpaka huku, akiwa na njaa, akiwaambia majirani anaenda kubadilisha siagi. Siagi ya wapi? Mi njo nilikuwa natwanga ile chumvi yako. Kwa mikono hii. Mama hakuigusa, aliogopa ng'ombe zitakufa zaidi. Alikula bugali na maji, karibu ya chungu yenye alikupikia, na alikuchekea ili ufikiri ni sikukuu."

Nilitegemea kitu. Mtu mwingine yeyote angeketi, angelia tena, safari hii kwa sababu ya kweli. Nilimwona anatafuta. Alitazama bakuli, akamtazama Zubeda, akapitisha ulimi juu ya meno yake. Kisha akapata jibu lake, na ndilo lililonifanya nimdharau kuliko siku zote za maisha yetu.

"Basi," akasema, "mama alinikosea."

Hapo Mukankuranga aliacha pindo la kanga. Msichana anayeposwa kwetu hasemi mbele ya wazee. Anaweza kukohoa, basi. Alisimama akaenda mezani, akachukua lile bakuli la baba yake. Kulikuwa na sombe kidogo imebaki kwenye ukingo. Aliipangusa kwa vidole vitatu, akaila, bila haraka, huku akimtazama. Kisha akalirudisha bakuli mbele yake.

"Baba," akasema, "kama bibi alikukosea, basi na miye sikupaswa kuzaliwa."

Hakupaza sauti. Rugema alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kanisani hakuwa na andiko. Angemfukuza, lakini angemfukuza kwa kosa gani, naye ameshiba lilelile? Angesema kinywa cha binti kimechafuka, hakifai tena maziwa ya mlimani, wala kizee cha mlimani. Angekuwa anajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu wanaomjua. Niliona hesabu hiyo ikipita usoni mwake. Hakupiga magoti mbele ya Zubeda, hakusema asante kwa mtu. Alichukua fimbo, akatazama mlango.

"Mumuchukue," akasema. "Mutume bazee juu ya mambo ya ng'ombe." Akatoka.

Hiyo ilikuwa ndiyo yake. Hakukuwa na upendo ndani yake wala baraka, ilikuwa ni woga tu uliochoka kujificha. Lakini ndiyo ni ndiyo. Gisaro alipumua kama mtu aliyetua gunia. Gasore alibaki ameshika kiegemeo cha kiti. Zubeda akaniuliza polepole kama alifanya vibaya, nikamshika mikono yake yenye harufu ya ndagala nikamwambia hapana, Mama, tangu zamani hujawahi kufanya vibaya. Mukankuranga aliingia jikoni na Zubeda kuosha vyombo vya nyumba ambayo sasa ilikuwa yake.

Mimi nikamfuata ndugu yangu. Nilimkuta kwenye mchanga, nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa. Wanawake walikuwa wametandaza ndagala juani, eneo zima linang'aa, naye amesimama katikati ya harufu ile bila kuziba pua. Nilisimama kando yake. Sikumwonea huruma, au nilimwonea kidogo nisijue.

"Yaya," akasema, akitazama maji. "Nilikuwa mukubwa kidogo, kiangazi ya mwisho. Nilikuwa na akili. Juu ya sababu gani mama hakuniambia?"

"Juu alikuwa anakujua," nikamwambia.